Nani Alimwita Mwenzake Haramia?

Miaka ishirini hivi iliyopita, kabla sijaingia chuo kikuu kufundisha isimu, nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili na Historia katika shule moja ya upili huko Pwani. Katika mtihani wa mwisho wa muhula niliwauliza wanafunzi wa Kidato cha Pili kwa nini Wareno walijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa. Jibu nililolitarajia lilikuwa lile la kitabuni: kujikinga na maadui, wakiwamo maharamia wa Kituruki waliokuwa wakiwasumbua. Msichana mmoja, binti wa mvuvi, akaandika kwamba ngome ilijengwa ili maharamia wa Kireno wapate pahali pa kulala kwa amani. Nilimkosesha kwa wino mwekundu, nikaandika pambizoni: "Soma swali." Kisha, kwa ujana wangu, nikalisoma jibu lake mbele ya darasa. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, na hadi muhula uliofuata ulipokwisha hakuinua mkono tena katika somo langu.

Jibu lile limekuwa likinirudia kila ninapofungua kitabu kinachosimulia jinsi serikali za kikoloni zilivyopambana na uharamia dhidi ya merikebu za biashara. Vitabu hivyo hutusimulia habari za mizinga, manowari na vitanzi. Ni kweli, vyote hivyo vilitumika. Lakini kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba silaha ya kwanza ya serikali hizo ilikuwa neno. Kabla ya kumpiga mtu ilibidi kwanza aitwe haramia, na aliyekuwa na uwezo wa kutoa jina hilo alikuwa ameshinda nusu ya vita kabla ya kutweka tanga.

Na tuanze na neno lenyewe, maadamu hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Neno haramia tulilipata kwa Waarabu. Kwa Kiarabu harami ni mwizi, mtu atendaye lililoharamishwa, na wingi wake ni haramiya. Sisi Waswahili tuliuchukua ule wingi tukaufanya umoja, kisha tukaubandika kiambishi chetu, tukapata maharamia. Tazama basi maana iliyomo ndani yake. Haramia wa Kiswahili si mtu wa baharini tu. Ni yeyote anyang'anyaye, awe msituni au majini. Kinachomfanya haramia ni haramu. Nayo haramu haijitangazi yenyewe, sharti apatikane mwenye mamlaka ya kusema, "Hili ni halali na lile ni haramu." Ni nani basi aliyekuwa na mamlaka hayo katika Bahari ya Hindi, bahari ambayo kwa karne nyingi ilikuwa njia ya kila mwenye chombo?

Wareno walijipa mamlaka hayo pasipo kuombwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, aliikamata merikebu iliyokuwa ikiwarejesha mahujaji kutoka Makka, akaipora, kisha akaichoma moto pamoja na abiria wake, wanawake wakiwamo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaishambulia Kilwa, kisha akaipora na kuichoma Mombasa. Papo hapo, mwanzoni mwa karne hiyo ya 16, ukaanzishwa utaratibu wa kartazi, yaani hati ya ruhusa iliyotolewa na maofisa wa Kireno. Mfanyabiashara wa Gujarati au wa pwani yetu, ambaye babu yake alisafiri kwa kaskazi na kusi bila kumwomba mtu ruhusa, sasa alitakiwa kuinunua hati hiyo na kulipa ushuru katika bandari walizozishika wageni. Asipokuwa nayo, chombo chake na shehena yake vilikuwa halali ya Wareno. Hivyo ndivyo unyang'anyi ulivyogeuzwa sheria, na safari ya kawaida ikageuzwa kosa.

Yaangalie sasa yaliyompata yule aliyethubutu kuwapinga. Mwaka 1585 nahodha Mturuki aitwaye Mir Ali Bey aliteremka katika mwambao wetu akidai kwamba ametumwa na Sultani wa Uturuki. Wareno walimwita haramia. Hata hivyo, miji mingi ya mwambao, Mombasa ikiwamo, ilimpokea kama mkombozi. Malindi, iliyokuwa rafiki wa Wareno, ndiyo iliyokataa. Aliondoka na ngawira pamoja na mateka wa Kireno. Jibu la serikali ya Goa halikuishia kwa Mir Ali Bey mwenyewe. Mwaka 1587 kundi la merikebu za Kireno liliishambulia Faza, likaua watu wake na kukata hata minazi yao, kisha likaichoma Mombasa. Mir Ali Bey aliporejea katika safari yake ya pili, kundi jingine likaja kutoka Goa mwaka 1589, likamkamata Mombasa, naye akapelekwa Lisbon. Miaka minne baadaye, mwaka 1593, ujenzi wa Ngome ya Yesu ukaanza kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitalia.

Ndugu msomaji, mnazi haushiki upanga. Kosa la minazi ya Faza lilikuwa kuota katika ardhi ya watu waliompokea mtu ambaye Goa ilikuwa imekwisha kumpa jina. Hiyo ndiyo tabia ya jina hili: humwambaa aliyeitwa, kisha huenea kwa waliompa maji, kwa waliomuuzia mchele, hata kwa miti iliyompa kivuli.

Karne moja baadaye mambo yaliwageukia Waingereza. Mwezi Septemba 1695 Mwingereza Henry Every aliivamia Ganj-i-Sawai, merikebu ya Aurangzeb, Mfalme Mkuu wa Mughal, iliyokuwa ikirejea Surat na mali nyingi na mahujaji. Watu wake walipora, wakatesa, wakawadhulumu wanawake. Safari hii mwenye merikebu iliyoporwa alikuwa na nguvu za kujibu. Maofisa wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki waliokuwa Surat walifungiwa, biashara yao ikasimama, na wakatakiwa kuzilinda merikebu za mahujaji. Huko London serikali ikatangaza zawadi kwa atakayemkamata Every. Hakukamatwa kamwe, ila baadhi ya watu wake walinaswa, wakashtakiwa mwezi Oktoba 1696.

Kesi hiyo ina jambo ambalo ningependa kila mwalimu wa Historia alijue. Katika shtaka la kwanza, la kuipora merikebu ya Mughal, baraza la wazee wa mahakama liliwaachilia huru washtakiwa. Serikali ikataharuki, kwani ilihitaji hukumu ya kumwonyesha Aurangzeb. Ikawashtaki upya, mara hii kwa kuiiba merikebu ya Kiingereza waliyoiasi na kuitumia katika uhalifu wao. Ndipo walipopatikana na hatia, na watano wakanyongwa mwezi uliofuata. Wazee wale waliona ugumu kumwita haramia Mwingereza aliyempora Mhindi. Katika kesi ya pili haukuonekana ugumu wowote alipokuwa amempora Mwingereza mwenzake.

Hata hivyo, hakuna pahali ambapo vita vya maneno vilipiganwa kwa uwazi zaidi kuliko katika Ghuba, kati ya Oman na Uajemi. Huko waliishi Qawasim, watu wa Ras al-Khaimah na Sharjah, wenye masheikh wao, majahazi yao na biashara yao. Walikuwa mahasimu wa watawala wa Maskati. Maskati nayo, tangu mwaka 1798, ilikuwa imefunga mkataba wa urafiki na ile Kampuni ya Kiingereza iliyotawala Bombay. Ikawa kila Qawasim walipopigana na Maskati, waliwakuta Waingereza kando ya adui yao. Majahazi yao yalizishambulia merikebu zenye bendera ya Kiingereza, mathalan Minerva mwaka 1808. Bombay ikatuma manowari na askari mwaka 1809, wakaishambulia Ras al-Khaimah na kuyateketeza majahazi yake. Hapakutulia. Mwezi Desemba 1819 likaja jeshi kubwa zaidi, askari wapatao 3,000, likiongozwa na Meja Jenerali William Grant Keir. Mji ukaanguka.

Katika barua za maofisa wa Bombay watu hawa huitwa "Joasmee". Mwanaisimu hapati taabu kuona lilikotoka neno hilo: katika lahaja za Kiarabu za Ghuba sauti ya q mara nyingi hutamkwa j, hivyo Qawasim huwa Jawasim. Ila tazama lililotendeka baadaye. Jina la ukoo likaanza kutumiwa kwa kila Mwarabu aliyeshukiwa kuvamia chombo baharini, awe wa ukoo huo au la. Nayo pwani yao ikaandikwa katika ramani za Kiingereza "Pwani ya Maharamia". Mtoto aliyezaliwa hapo, hata kama babake alipiga mbizi kutafuta lulu, alizaliwa akiwa na mashtaka.

Mji ulipokwisha kuanguka, Keir hakutosheka na moto. Alitaka maneno. Kuanzia tarehe 8 Januari 1820, masheikh wa pwani ile walitia sahihi, mmoja baada ya mwingine, mkataba ulioandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Mkalimani wake alikuwa Kapteni Thomas Perronet Thompson, afisa aliyejua Kiarabu na aliyewahi kuwa gavana wa Sierra Leone. Nimeusoma mkataba huo mara nyingi, na kila mara hunishangaza kwamba katikati ya magofu yanayofuka moshi watu walikaa kitako kuandika fasili, kama waandishi wa kamusi.

Kifungu cha pili chaeleza tofauti ya vita na uharamia. Vita ni vile vinavyotangazwa, vikakiriwa na kuamrishwa na serikali dhidi ya serikali. Kuua watu na kutwaa mali bila ya tangazo na amri ya serikali ni unyang'anyi na uharamia, na atendaye hayo ni adui wa wanadamu wote. Uhai wake na mali yake vimepotea. Fasili hii ni nzuri, na mwanafunzi wangu wa mantiki angeisifu. Lakini ina mlango wa nyuma. Serikali ni nani? Aliyekuwa na mamlaka ya kusema kwamba sheikh huyu ni serikali na yule ni jambazi ndiye aliyekuwa na ufunguo wa fasili nzima, na ufunguo huo ulikuwa Bombay.

Vifungu vingine vyathibitisha hayo. Waarabu walioitwa "marafiki" walitakiwa kupeperusha bendera nyekundu yenye ukingo mweupe, wala wasitumie nyingine. Kila chombo kibebe hati yenye sahihi ya sheikh, ikitaja jina, urefu na upana wa chombo. Na hati ya pili ikitaja mwenye chombo, nahodha, idadi ya watu, idadi ya silaha, kinakotoka na kinakokwenda. Je, hii si kartazi iliyofufuka baada ya miaka mia tatu? Tofauti ni kwamba Mreno aliiuza hati yake, ilhali Mwingereza alimfanya sheikh aiandike mwenyewe.

Kifungu cha tisa chatugusa sisi wa Afrika moja kwa moja. Chasema kwamba kuwachukua watumwa, wanaume, wanawake au watoto, kutoka pwani za Afrika au kwingineko, na kuwasafirisha vyomboni, ni unyang'anyi na uharamia. Tafakari ukubwa wa neno hilo. Kwa mara moja, aliyeitwa mwathiriwa wa uharamia hakuwa tena mwenye shehena. Alikuwa ni yule aliyefanywa shehena. Ningalitamani kuishia hapo nimsifu Thompson. Lakini wakubwa wa Bombay walikisoma kifungu hicho kwa ufinyu: wakasema kinakataza kuteka watu kwa nguvu, si kuwanunua na kuwauza. Mwaka 1822 Waingereza walipofunga mkataba wa Moresby na Seyyid Said, mtawala wa Oman aliyekuwa bwana wa Zanzibar vilevile, walimkataza kuuza watumwa kwa Wakristo. Biashara ndani ya milki zake ikaendelea. Seyyid Said ndiye aliyewasaidia kuipiga Ras al-Khaimah. Rafiki hakuitwa haramia, hata pale kalamu ilipokuwa imekwisha kuliandika jina hilo.

Urafiki huo ulifika hadi Mombasa. Wamazrui, waliokataa kutawaliwa na Seyyid Said, walitafuta hifadhi ya Waingereza, na mwaka 1824 Kapteni Owen wa manowari ya Leven akawakubalia. Mwaka 1826 hifadhi hiyo ikaondolewa. Wakubwa hawakuona faida ya kumuudhi swahibu yao wa Maskati kwa ajili ya mji mmoja. Mwaka 1837 Seyyid Said akaitwaa Mombasa.

Huko Ghuba, lililoanza kama kuwaadhibu maharamia liligeuka kuwa ulezi. Mwaka 1835 masheikh walikubali kutopigana baharini katika majira ya kupiga mbizi za lulu. Mwaka 1853 makubaliano hayo yakafanywa ya daima. Mwaka 1892 wakaahidi kutoshughulika na dola nyingine yoyote ila Uingereza. Ramani nazo zikabadilishwa, "Pwani ya Maharamia" ikawa "Pwani ya Mapatano". Waingereza hawakuondoka hadi Desemba 1971, ulipozaliwa Muungano wa Falme za Kiarabu.

Mwaka 1986 mtawala wa Sharjah, Sultan bin Muhammad al-Qasimi, mjukuu wa hao Qawasim, alichapisha utafiti wake wa uzamifu akidai kwamba uharamia wa Waarabu wa Ghuba ulikuwa hekaya iliyotungwa na Kampuni ili ipate kisingizio cha kuishika biashara. Mwaka 1997 Charles Davies naye akatoa kitabu kilichopima ushahidi wa pande zote bila kuegemea upande mmoja. Kwangu mimi ubishi huo wenyewe ni faida: mtu aliyepewa jina na mababu wa wengine amepata kalamu, amejibu, na amejibiwa.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba uharamia haukuwapo, wala kwamba kila aliyeitwa haramia alikuwa shujaa. Baharia aliyechinjwa katika sitaha ya chombo chake hakuuliza fasili. Sisi Wakenya tunalijua hilo. Mwezi Juni 2005 meli ya Semlow iliyobeba mchele wa msaada kutoka Mombasa ilitekwa katika pwani ya Somalia, na mabaharia wake, Wakenya wakiwamo, wakazuiliwa kwa miezi kadhaa huku familia zao zikikosa usingizi. Watekaji wa miaka ile walipenda kujiita walinzi wa bahari yao dhidi ya meli za kigeni zilizoiba samaki. Dai la wizi wa samaki lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini halikumhalalishia mtu kumfunga baharia maskini aliyebeba chakula cha wenye njaa. Mteka nyara naye hujichagulia jina, kama serikali ifanyavyo.

Isitoshe, neno hili limefika hadi katika mahakama zetu. Mwaka 2006 Wasomali kumi waliokamatwa na manowari ya Marekani walihukumiwa Mombasa kifungo cha miaka saba kila mmoja, kwa kifungu cha sheria tulichorithi katika Kanuni ya Adhabu. Baadaye kesi nyingi zikaletwa na manowari za mataifa makubwa. Mwezi Novemba 2010 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mahakama zetu hazikuwa na mamlaka juu ya matendo yaliyofanyika nje ya bahari ya Kenya. Mwezi Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani ikaupindua uamuzi huo. Mawakili na majaji walibishana siku nyingi juu ya swali lile lile la mwaka 1820: haramia ni nani, na nani ana haki ya kumhukumu? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 husema uharamia hutendwa kwa maslahi ya kibinafsi, na watu wa chombo cha binafsi. Kwa fasili hiyo manowari ya serikali, isipokuwa imeasiwa na mabaharia wake, haiwezi kuwa haramia. Vasco da Gama angeshinda kesi yake.

Walimu wenzangu, nawaomba jambo moja. Mnapofika katika sura ya maharamia, msiwaachie wanafunzi jina peke yake. Waulizeni maswali matatu: Nani alilitoa jina hili? Aliyeitwa hivyo alijiitaje? Na walioporwa na pande zote mbili, walikuwa nani? Mwanafunzi akiweza kujibu hayo, amejifunza Historia na Kiswahili kwa pamoja, na gazeti la kesho halitamdanganya kwa urahisi litakapomletea majina mapya ya watu wa kuogopwa.

Ama yule binti wa mvuvi, jibu lake halikuwa kamili. Hakumtaja Mir Ali Bey, wala mwaka 1593, wala Faza. Lakini katika darasa la watu arubaini, mwalimu wao akiwamo, ni yeye pekee aliyeuliza ngome ile ilimlinda nani dhidi ya nani. Lau karatasi ile ingerudi mezani pangu leo, ningempa alama zake, na pambizoni ningeandika: "Endelea. Toa ushahidi." Wahenga wa mwambao walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nami baada ya kuzunguka Goa, London na Bombay, nimerejea katika karatasi ile, na kosa ninaloliona ndani yake limeandikwa kwa wino mwekundu.